Kila Kitu "Trauma"!



Limeingia neno jipya midomoni mwetu hapa Juba, nalo ni "trauma". Lilikuja na magari meupe ya mashirika ya misaada, likapita katika semina, na sasa limefika hadi vibanda vya chai vya Hai Mauna. Bodaboda ikiishiwa mafuta, dereva ana trauma. Timu ikifungwa, mashabiki wana trauma. Wenzetu waliorudi kutoka kambi ya Kakuma nao wameongeza yao: stresi na depresheni, hata kwa mtu aliyenyimwa tu sukari ya mkopo dukani.

Tungaliyaacha hayo kama mzaha (watu wa mjini hupenda maneno mapya kama wapendavyo mitumba), lakini ugonjwa wenyewe upo, na hapa Juba umepimwa. Mwaka 2007 watafiti waliwahoji watu wazima 1,242. Zaidi ya theluthi moja walikuwa na dalili za kiwewe cha vita, na nusu walikuwa na dalili za sonona. Hiyo ni kabla ya mapigano ya Desemba 2013 na ya Julai 2016! Mtu wa namna hiyo hapati usingizi. Bati likigongwa hujitupa chini. Hukaa na wenziwe kana kwamba hayupo. Mwaka 2016 Amnesty International ilieleza kuwa nchi nzima ilikuwa na madaktari wawili wa maradhi ya akili, na hospitali kuu ya Juba vitanda 12 vya wagonjwa hao. Wengine waliwekwa katika gereza kuu bila kosa lolote. Sasa sote tukisema tuna trauma, nani atamtambua jirani anayehitaji kitanda kile?

Tena neno hili limewafaa sana waajiri. Wafanyakazi wakiuliza mshahara wa miezi mitatu, msimamizi hujibu kwamba watu hawa wana trauma ya vita, kisha huletwa mtaalamu wa kuwafundisha kuvuta pumzi polepole. Mwaka 2024 watumishi wa serikali ya nchi hii walikaa miezi mingi bila mishahara. Jina la jambo lile ni deni, na deni hulipwa kwa fedha. Hata Shirika la Afya Duniani, mwaka 2019, lilisema kuwa kule kuchoka kulikopindukia hutokana na kazi yenyewe, wala halikukuita ugonjwa. Mchuma chai anayeamka alfajiri alilijua hilo zamani.

Kwa hiyo tunawataka wajumbe wa matawi, katika barua zao za madai, waandike saa, tarehe na kiasi cha fedha. Trauma wamwachie daktari. Na mwenzao akiacha kulala, au akianza kusema peke yake kwenye mashine, wamsindikize hospitali siku hiyo hiyo, kisha wadai siku zake za ugonjwa zilipwe.