Acheni kukereza diski za breki

Ndugu mkulima, mfugaji na afisa ugani mwenzangu, leo siandiki habari za mbegu wala chanjo. Naandika habari za chombo kinachotufikisha shambani. Mwaka huu nimeshaona pikipiki tatu ambazo diski ya breki ya mbele imepelekwa karakana ikakerezwa mpaka ikabaki nyembamba kama mfuniko wa kopo, na mwenye pikipiki anajisifu kwamba ameokoa pesa. Hajaokoa kitu. Amelisogeza deni mbele, na siku ya kulilipa atakuwa kwenye mteremko.

Hoja ya wanaokereza naijua. Pikipiki ni ya zamani, diski mpya ya wakala ni ghali, na diski iliyochimbika inakwaruza na kupiga kelele. Fundi mwenye mashine ya kukereza anaisawazisha kwa pesa kidogo, inang'aa kama mpya. Nani asingevutika?

Sasa shuka ukaitazame diski yako. Pembezoni au karibu na boliti kuna maandishi madogo, MIN TH, yakifuatiwa na namba ya milimita. Huo ndio unene wa mwisho. Ikiwa chini ya hapo, diski imekwisha, hata kama inang'aa. Na diski ya pikipiki si kama ya lori. Tangu ikiwa mpya, nyama ya kuliwa ni kidogo sana, mara nyingi nusu milimita au zaidi kidogo. Ikishachimbika mistari mirefu, ukiikereza mpaka mistari iishe umeshapita kipimo. Diski nyembamba hupata moto haraka, hupinda, na mwisho hupasuka kwenye matundu. Pia pistoni ya kalipa hulazimika kutoka nje zaidi ili pedi iifikie, na mafuta ya breki yanaweza kuvuja ukiwa katikati ya mteremko.

Wapo wengine ambao ni wabaya zaidi. Hawa huifunga breki ya mbele kabisa na kusema ya nyuma inatosha. Haitoshi. Unapofunga breki uzito mwingi huegemea mbele, na gurudumu la nyuma hubaki jepesi. Ndiyo maana breki ya mbele ndiyo inayofanya sehemu kubwa ya kazi. Mtu aliyewahi kushuka kutoka Lushoto kwenda Mombo akiwa na gunia la kabichi kwenye keria hahitaji kuelezwa zaidi.

“Sasa nifanye nini, na pesa sina?” Swali zuri. Diski ya bei nafuu ipo, ila inatafutwa kwa vipimo, haitafutwi kwa maneno. Kosa letu ni kwenda dukani na kusema “nipe diski ya pikipiki ya zamani”, kisha kupokea chochote tunachopewa. Fanya hivi:

1. Ifungue diski uende nayo. Kama huwezi, pima upana wa nje, upana wa tundu la katikati, idadi ya boliti, umbali kutoka boliti moja hadi ya upande wa pili, na kina cha diski, yaani imeingia au imetoka kiasi gani kutoka inapofungwa. Hicho cha mwisho ndicho husahaulika, na ndicho hufanya diski ikwaruze kalipa. Mfano, Honda XR125L, ambayo maofisa wengi tumeiendesha, ina diski moja mbele ya milimita 240 na dramu nyuma. Lakini milimita 240 peke yake haitoshi. Matundu yasipolingana umenunua chuma chakavu.

2. Uliza diski mpya isiyo ya kampuni iliyotengeneza pikipiki. Siyo zote mbaya. Chukua yenye maandishi ya unene wa mwisho na isiyo na kutu wala mikunjo. Isiyo na alama yoyote, iache.

3. Tafuta iliyotumika kutoka pikipiki ya aina ileile iliyokufa injini. Zipo kwa mafundi wa mjini, zipo Kariakoo, na zipo nyuma ya stoo za ofisi zetu zikiota majani. Ipime unene kabla ya kulipa. Ilaze juu ya kioo: ikicheza, imepinda. Tazama matundu kama yana nyufa. Yenye madoa ya bluu iliungua, irudishe.

4. Changeni safari. Watu watano wenye pikipiki za aina moja mkimtuma mmoja mjini, nauli inagawanyika na mwenye duka anashusha bei.

Ukiipata, weka na pedi mpya. Pedi ya zamani imeshakaa kwa umbo la mistari ya diski ya zamani, itaila hii pia. Futa diski kwa spiriti, isiguswe na grisi. Kaza boliti kwa kupishana, si kwa kuzunguka. Halafu fanya breki za taratibu kama ishirini hivi kwenye barabara tambarare kabla hujapakia mzigo. Na kwenye kikopo cha breki weka mafuta ya breki ya aina iliyoandikwa kwenye mfuniko. Anayekuwekea oili ya injini anakuharibia mipira yote.

Lakini hasira yangu kubwa haiko kwa fundi. Mara nyingi diski haifi kwa uzee. Inakufa kwa sababu pedi iliisha, chuma kikakutana na chuma, na sisi tukaongeza wiki mbili “mpaka mshahara”. Nenda dukani leo uulize bei ya jozi ya pedi, kisha uulize bei ya diski. Tofauti hiyo ndiyo gharama ya wiki zako mbili.

Na ninyi mnaogawa pikipiki kwa vikundi na kwa maofisa, mnapiga picha siku ya makabidhiano, mnaweka fungu la mafuta, na fungu la pedi mnalisahau. Kumpa mtu chombo cha kwenda mbio bila cha kumsimamisha si msaada. Andikeni pedi kwenye bajeti, mstari mmoja tu.

Wewe msomaji usiwasubiri. Kesho asubuhi, kabla hujawasha, inama uangalie pedi imebaki kiasi gani. Ni kazi ya dakika moja. Mfugaji anayekusubiri na kuku wake anataka ufike, na nyumbani wanataka urudi.