Arusha yajaa, vijana wahama: haki za nyumbani zibaki

Kwa mujibu wa sensa, kati ya 2012 na 2022 Mkoa wa Arusha ulitoka watu milioni 1.69 hadi milioni 2.36. Jirani yake, Kilimanjaro, ulitoka milioni 1.64 hadi 1.86 tu. Ardhi ya rutuba wanayo wote. Tofauti ni kazi. Vihamba vya Kilimanjaro vimegawanywa kwa warithi mpya kila kizazi. Miteremko ya Meru nayo imebanana, lakini chini yake lipo jiji lenye utalii na makao makuu ya Jumuiya ya Afrika Mashariki.

Vijana wetu wa Unguja na Pemba nao huvuka kwenda bara. Kusafiri kutafuta riziki ya halali kunaruhusiwa. Ila matumizi ya mke na watoto, na haki za wazazi, havidondoki kwa umbali. Wallahu a'lam.