Ukuta Unaosema Lupango Hauuzwi

Katika vitongoji vya Lubumbashi, kama ilivyo Kinshasa, ziko kuta zinazosema. Juu ya matofali, kwa herufi zilizopinda, mtu amepaka maneno ya Kifaransa: lupango huu, yaani kiwanja na nyumba yake, hauuzwi. Hakuna saini wala muhuri. Lakini komisyonere, dalali wa nyumba, anayepita na mteja wake anaelewa: jamaa iliyomo ndani haisikilizani, na pengine mmoja wao ameshatafuta mnunuzi kisirisiri.

Mbele ya sheria, rangi hiyo si kitu. Sheria ya ardhi ya Julai 20, 1973 inasema ardhi yote ni ya Serikali, na haki ya mtu juu ya lupango inathibitishwa na cheti cha uandikishaji. Cheti kikitimiza miaka 2, kwa kawaida hakipingiki tena. Ndiyo maana mnunuzi mwenye haraka hulipa, hukimbilia kwa msajili, kisha huomba miezi ipite kimya.

New York kuna majengo ambamo mtu hanunui nyumba hasa, ananunua hisa za kampuni inayomiliki jengo zima, na kamati ya wakazi inaweza kumkataa bila kumweleza sababu. Lubumbashi kamati hiyo ni jamaa. Nayo ina haki ya kuulizwa. Ubaya ni kwamba wanaoulizwa mara nyingi sio wanaostahili.

Msiba ukiisha, wazee hukaa vitini barazani, nao ndio huzungumza na mnunuzi. Dola zinahesabiwa mbele yao. Mjane yuko nyuma, kwenye mkeka karibu na jiko, anasikia bei ya nyumba yake ikitajwa na watu ambao hawajawahi kulala humo. Sheria ya familia ya Agosti 1, 1987, iliyorekebishwa mwaka 2016, imepanga kinyume kabisa. Watoto wa marehemu wako daraja la kwanza, na robo tatu ya urithi ni yao. Mjane, wazazi na ndugu wa marehemu wako daraja la pili. Wajomba na baba wadogo wanakuja daraja la tatu. Zaidi ya hapo, mjane ana haki ya kuendelea kuitumia nyumba aliyoishi na mumewe. Anayenunua kwa baraka za wajomba peke yao amenunua nyumba yenye mwenyewe ndani.

Mji huu unajua nyumba ni nini. Kuanzia mwaka 2003, wafanyakazi zaidi ya 10,000 waliondoka Gécamines, kampuni ya madini ya Serikali, kwa mpango uliogharimiwa na Benki ya Dunia. Mshahara ulipokatika, aliyekuwa na paa lake alibaki na kitu cha kuwaachia watoto.

Nyumba zinazouzwa kwa sababu ya deni la benki nazo zina mama ndani. Zamani mkataba wa rehani uliweza kumruhusu mkopeshaji auzishe nyumba kupitia kwa msajili, bila hukumu ya mahakama. Tangu Septemba 12, 2012, Kongo ilipoingia OHADA, jumuiya ya nchi za Afrika zenye sheria za biashara za pamoja, lazima taratibu za ukamataji mbele ya mahakama zifuatwe, na makubaliano ya kuzikwepa ni batili. Safari imekuwa ndefu, na afadhali iwe ndefu. Anayetaka kununua mnadani apate muda wa kwenda kugonga mlango na kujua nani anaishi humo, kabla hajapandisha bei.

Benki nayo isipokee rehani ya nyumba ya ndoa kabla mke hajakaa mezani na kusomewa mkataba kwa lugha anayoisikia. Na kwa nyumba ya urithi, kikao cha jamaa kiandikwe: tarehe, bei, majina, saini ya kila mtoto mtu mzima na ya mjane, kabla dola ya kwanza haijatoka mfukoni. Mnunuzi mwenyewe ainuke kitini, aende hadi kwenye ule mkeka, aulize: “Mama, na wewe unasema je?” Akinyamaza, pesa zirudi mfukoni.