Mchuna chai wa Nyamache naye ni mfanyakazi

Ukipita kwenye kituo cha kununulia chai huko Nyamache siku ya mvua, utawaona akina mama na vijana wamepanga foleni, vikapu mgongoni, nguo zimelowa chepechepe. Wengi si wenye mashamba. Ni vibarua wanaolipwa kwa kilo. Mmoja wao akiteleza mtaroni na kuvunjika mguu, hapati hata senti siku hiyo, na matibabu ni juu yake.

Makuli wa Mombasa waliyajua maisha kama haya bandari ilipokuwa ikipanuka. Walikuwa vibarua wa siku, wakisongamana vyumbani. Lakini wao walikuwa maelfu mahali pamoja. Waligoma mwaka 1939, na Januari 1947 wafanyakazi wapatao 15,000 wakagoma tena, shughuli za mji zikakwama. Serikali ya kikoloni haikuweza tena kujifanya haioni. Mwaka 1954 Kamati ya Carpenter ilikiri kwamba karibu nusu ya wafanyakazi wa mijini katika kampuni za kibinafsi walilipwa mshahara usiotosha mahitaji ya kimsingi ya afya. Ikapendekeza mshahara wa kumtosha mtu na familia yake, sio wa kapera.

Yaani hata wakoloni walikubali kwamba mshahara ni suala la afya!

Mchuna chai yuko peke yake shambani mwa jirani. Akigoma, anaitwa mwingine. Sheria mbili za mwaka 2007, ya usalama na afya kazini na ya fidia kwa wanaoumia kazini, hazikubagua mji na shamba. Shida ni kwamba hakuna anayezipeleka kule mashambani.

Najua mkulima atauliza: mimi mwenyewe nasubiri bonasi, bima ya kibarua nitalipia wapi? Swali hilo ni la haki. Lakini viwanda vya chai hukata pesa za mbolea kwenye malipo ya mkulima kila msimu. Vikikata senti chache kwa kila kilo kwa ajili ya bima ya wachunaji, mkulima hatafilisika.

Nawe msomaji uliye Nairobi, ambaye mama yako ana shamba dogo la chai Bobasi, jua kwamba ninyi ni waajiri. Ukienda nyumbani Desemba, muulize yule anayemchunia chai hutibiwa na nani akiumia.