Kazi na Masomo Nyumbani: Haja ya Kuigawa Siku

Tarehe 17 Machi 2020 Serikali ilitangaza kufungwa kwa shule ili kuzuia kuenea kwa ugonjwa wa korona. Wanafunzi wa kidato cha sita na wa vyuo vikuu walirejea masomoni tarehe 1 Juni, na wenzao wa madarasa mengine tarehe 29 Juni. Kwa muda wa miezi mitatu na zaidi nyumba za mji wa Babati, kama nyumba nyingine nchini, zilitakiwa ziwe nyumba na papo hapo ziwe madarasa. Shule zilipofunguliwa, jambo hilo lilisahauliwa upesi.

Yafaa tulikumbuke, kwa maana halikwisha. Mwalimu angali akisahihisha madaftari nyumbani usiku. Mwanafunzi wa shule ya kutwa angali akifanya mazoezi yake palepale panapopikwa chakula. Mshonaji ameweka cherehani yake barazani, na mhasibu mwenye kompyuta huandika hesabu za mwajiri aliye Arusha au Dar es Salaam bila kutoka mjini Babati. Wote hawa hukutana na taabu moja: siku huisha wakiwa wamechoka, lakini kazi haikwenda.

Aghalabu husemwa kwamba mtu wa namna hiyo ni mvivu, au hana nia. Maoni ya makala haya ni kinyume cha hayo. Kinachokosekana ni mpaka wa kazi, na mpaka huo hauwezi kuwekwa na mtu mmoja peke yake; huwekwa na kaya nzima.

Kufanya kazi nyumbani si jambo geni kwetu. Kwa wazee wa Kigorowa, wa Kiiraqw na wa Kirangi, zizi na shamba vilikuwa kando ya nyumba, na kila kazi ilikuwa na wakati wake. Ng'ombe asiyekamuliwa hulia. Daftari lisilofunguliwa hukaa kimya. Hiyo ndiyo tofauti kubwa kati ya kazi ile na hii. Kazi ya akili haina sauti ya kumwita mwenyewe, wala majirani hawaioni. Mtu aliyeinama juu ya kitabu huonekana kama mtu asiye na shughuli, na hivyo hutumwa dukani.

Saa iliyo ndani ya mwili

Sayansi yatufundisha kwamba mwili wa binadamu una saa yake. Katika ubongo, juu kidogo ya mahali ambapo mishipa ya macho hupishana, kuna kishada kidogo cha seli kinachoongoza nyakati za usingizi, za joto la mwili na za uchangamfu. Mwaka 2017 wanasayansi Jeffrey Hall, Michael Rosbash na Michael Young walipewa Tuzo ya Nobel kwa kuchunguza, katika nzi wa matunda, jeni zinazoiendesha saa ya namna hii. Kwa binadamu mzunguko wake huzidi kidogo saa 24. Kwa hiyo hapana budi irekebishwe kila siku, na mrekebishaji wake mkuu ni mwanga.

Hapa wakazi wa Babati wana bahati. Mji wao uko karibu digrii 4 tu kusini mwa Ikweta. Mjini London mchana wa mwezi Juni hufikia saa 16 na nusu, na wa Desemba haufiki saa 8. Babati tofauti kati ya mchana mrefu na mchana mfupi ni kama nusu saa tu. Mwaka mzima jua huchomoza kati ya saa kumi na mbili na saa moja asubuhi, na hutua kati ya saa kumi na mbili na saa moja jioni. Ratiba iliyopangwa kwa jua mwezi Januari itafaa pia mwezi Julai.

Mtu anayeamka leo alfajiri na kesho saa tatu, kwa kuwa hana kengele ya kuwahi, huivuruga saa hiyo. Vivyo hivyo anayeukodolea macho mwanga wa simu hadi usiku wa manane, kwa maana mwanga huo huuambia ubongo kwamba bado ni mchana. Wataalamu wa usingizi wapendekeza saa 8 hadi 10 za usingizi kwa kijana wa miaka 13 hadi 18. Kuzipunguza ili kusoma zaidi ni sawa na mkulima anayekula mbegu zake ili apate nguvu za kupanda.

Akili haihami upesi

Jambo la pili ni kukatizwa. Mwaka 2009 mtafiti Sophie Leroy alionyesha kwamba mtu akiiacha kazi kabla ya kuimaliza na kushika nyingine, sehemu ya mawazo yake hubaki katika ile ya kwanza, na ile ya pili huharibika. Kwa hiyo mwanafunzi aliyeitwa mara nne katika saa moja hakupoteza zile dakika za kuitwa tu. Kila mara alirudi kitabuni nusu yake ikiwa bado jikoni.

Kwa upande mwingine, saa moja isiyokatizwa ina faida kubwa kuliko wengi wanavyodhani. Tangu mwaka 1885, Mjerumani Hermann Ebbinghaus alipochapisha majaribio yake juu ya kumbukumbu, imejulikana kwamba mafunzo yaliyogawanywa katika siku kadhaa hudumu kuliko yale yaliyorundikwa siku moja. Nao Henry Roediger na Jeffrey Karpicke walionyesha mwaka 2006 kwamba anayefunga kitabu na kujiuliza alichosoma hukumbuka zaidi baada ya wiki moja kuliko anayekisoma tena na tena. Basi saa moja kila siku, yenye kujiuliza na kujijibu, yatosha kufanya mengi.

Mwili nao una haki yake. Mwaka 2020 David Raichlen na wenzake walitangaza matokeo ya utafiti wao kwa Wahadzabe wa eneo la Ziwa Eyasi, ambao baadhi yao ni wakazi wa Wilaya ya Mbulu katika mkoa wetu huu wa Manyara. Ilionekana kwamba Wahadzabe hupumzika karibu saa 10 kwa siku, muda unaokaribiana na ule wa watu wa nchi za viwanda. Lakini mara nyingi hupumzika kwa kuchuchumaa au kupiga magoti, na misuli ya miguu haiachi kazi kabisa kama inavyoacha mtu akikalia kiti. Funzo lake ni jepesi: anayefanya kazi mezani na ainuke mara kwa mara. Kuteka ndoo ya maji baada ya saa moja ya kusoma ni mapumziko mema. Kuiteka katikati ya hesabu ni hasara.

Ni nani apewe saa ya mchana?

Hapa tunafika kwenye kiini cha hoja. Mwanga wa jua ni bure. Wa taa hununuliwa. Kwa mwanafunzi wa kutwa, muda kati ya saa kumi alasiri na saa kumi na mbili jioni ndio wenye mwanga wa bure nyumbani. Je, katika kaya zetu muda huo hupewa nani? Mara nyingi msichana arudipo shuleni huteka maji, huwasha moto, huosha vyombo na kumbeba mdogo wake, hali kaka yake amefungua daftari jua lingali juu. Msichana hulifungua lake giza likiwa limeingia, mwili umechoka, na taa inagombewa. Kisha matokeo ya mtihani yakija, twasema hana kichwa cha hesabu! Wakati wa palizi ya mahindi na mbaazi, hata yule kaka huikosa saa hiyo.

Wengine watasema kwamba nyumba ya vyumba viwili haiwezi kuwa mahali pa masomo. Nakubali kwamba nafasi ni ndogo. Lakini pasipo na ukuta, saa yaweza kuwa ukuta. Kaya ikipatana kwamba kuanzia saa kumi na moja hadi saa kumi na mbili jioni redio huzimwa, simu huwekwa kando, na hakuna mtoto wa shule anayetumwa, awe wa kiume au wa kike, chumba kilekile kimekuwa darasa bila tofali moja kuongezwa. Kazi nyingine zigawanywe kwa zamu kabla au baada ya saa hiyo. Ikipita, kazi ifungwe. Naye mwalimu afunge madaftari kwa saa maalumu, maana kazi isiyo na mwisho humla anayeifanya.

Nawashauri walimu wa sekondari walipeleke jambo hili katika mikutano ya wazazi, na watoe mazoezi yanayoweza kumalizika katika saa hiyo moja.

Kwa wanafunzi, lifanyeni kuwa jaribio. Chora jedwali la siku 14, na kila jioni uandike ulichofanya kila saa tangu kutoka shuleni. Wiki ya kwanza ishi kama kawaida. Wiki ya pili shika saa moja isiyokatizwa. Mwishoni mwa kila wiki jiulize maswali kumi ya mada uliyosoma, pasipo kufungua kitabu, kisha linganisha. Wavulana na wasichana walinganishe majedwali yao darasani, na jedwali hilo mkaliweke mbele ya wazazi. Mzazi aliyekataa maneno aweza kukubali hesabu.