Neno la Mhariri: Aliyesambaza Naye Ametenda

Septemba 7, 2012, Amanda Todd, msichana wa miaka 15 wa jimbo la British Columbia nchini Kanada, aliweka video YouTube. Hakutamka neno. Alishika kadi alizoziandika kwa mkono, akazionyesha mbele ya kamera moja baada ya nyingine: jinsi mtu asiyemjua alivyomrubuni ajifunue kifua, jinsi picha ya tukio hilo ilivyowafikia wenzake, jinsi alivyohama shule na picha ikamfuata. Oktoba 10 mwaka huohuo alijiua.

Mholanzi aliyekuwa akimtishia alihukumiwa kifungo cha miaka 13 mwaka 2022. Alistahili. Lakini mtu mmoja aliye ng'ambo ya bahari hawezi peke yake kumfanya mtoto ajifiche maktabani wakati wenzake wanakula. Hilo lilitimizwa na waliotazama, wakacheka, wakapeana.

Toleo hili linawazungumzia hao. Katika makundi ya WhatsApp ya shule, vyuo na hata ya ukoo, kejeli huanza na jambo dogo. Picha ya msichana iliyopigwa akiwa amefumba macho nusu hukatwa, ikageuzwa stika, ikawa jibu la kila mzaha. Aliyeitengeneza ni mmoja. Waliohifadhi ni arobaini. Siku mwenye sura anapoomba ifutwe, mtengenezaji anaweza kuifuta kwake, ila kwenye simu za wengine imebaki. Na kila mmoja wao ana jibu lilelile: mimi nimetumiwa tu.

Jibu hilo halitoshi, wala sheria hailipi uzito. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya Tanzania ya mwaka 2015, kifungu cha 23, inamgusa anayeanzisha na anayetuma ujumbe kwa nia ya kumtisha, kumsumbua au kumtia mtu uchungu: faini isiyopungua shilingi milioni 5, au kifungo kisichopungua miaka 3, au vyote viwili. Ya Kenya, ya mwaka 2018, inakwenda mbali zaidi, kwani inahesabu hata ujumbe uliopelekwa kwa watu wanaomfahamu mlengwa. Adhabu yake hufika shilingi milioni 20 za Kenya au miaka 10 jela. Ni kweli sheria za aina hii zimetumika pia dhidi ya wakosoaji wa serikali, na hilo ni doa. Doa hilo halimpunguzii haki binti anayedhalilishwa.

Wenye mitandao nao wanajua nguvu ya kidole kinachosambaza. Mwaka 2018, baada ya uvumi wa wizi wa watoto kusababisha watu kuuawa na makundi yenye hasira nchini India, WhatsApp iliweka kikomo cha kusambaza ujumbe huko: mazungumzo matano kwa mara moja. Mwaka uliofuata kikomo hicho kilienea duniani kote. Aprili 2020, ujumbe uliokwisha kusambazwa mara nyingi ulizuiwa kupita zaidi ya gumzo moja kwa wakati, na kampuni ikaeleza kuwa mzunguko wa jumbe za namna hiyo ulishuka kwa asilimia 70. Hakuna aliyehubiriwa maadili. Watu walicheleweshwa kidogo tu, na mengi yakaishia hapo.

Admini wa kundi anaweza kuifanya kazi hiyo leo, bila kusubiri kampuni: afute, aonye, amtoe anayerudia. Mwanakundi akikataa kusambaza, amemkinga mtu.

Kwa anayeshambuliwa, kitu cha kwanza ni ushahidi. Asifute kwa hasira. Apige picha ya skrini inayoonyesha namba, jina la akaunti na tarehe, ndipo amzuie mhusika, kisha amwambie mtu mzima anayemwamini au aende polisi. Mtoto asiye na wa kumwambia, Tanzania na Kenya, apige 116, namba ya msaada kwa watoto. Haitozwi pesa.