Kosa Si la Fonolojia

Wenzangu wapenda hevi metali hudai kwamba Kiingereza pekee ndicho kinachoufaa muziki huo: eti unahitaji maneno mafupi, ya silabi moja, yanayogonga kama ngoma. Sikubaliani nao. Mwaka 1982 kundi la Barón Rojo la Uhispania lilitoa albamu ya Volumen brutal, iliyorekodiwa jijini London. Walitoa nakala ya Kiingereza pia, lakini ninayoirudia kila mara ni ile ya Kihispania, lugha ya maneno marefu ambayo mkazo wake, kama wa Kiswahili, mara nyingi huangukia silabi ya pili kutoka mwisho. Magitaa hayakupungua ukali. Basi mimi, ninayesomea lugha za Kiafrika huku nikitunga nyimbo kwa Kiingereza cha kubahatisha, nina udhuru gani? Kinachonizuia ni aibu tu.